Tuta la Mwisho la Saladi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimwagilia bustani ya mama yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kazi yenyewe ilikuwa na sheria. Mchicha na spinachi, mboga za kupikwa, zilipewa maji ya pipa: maji machafu yaliyooshea banda la ng'ombe, yaliyofunikwa wiki nyingi, yakazimuliwa na kumiminwa shinani. Saladi huliwa mbichi, kwa hiyo ilipewa maji ya kisima tu. Kisima kilikuwa ng'ambo ya barabara.

Jumatatu Chiriku alichelewa kuamka. Tuta la mwisho la saladi lilikuwa bado kavu, na kisimani kulikuwa na foleni. Pipa lilikuwa hatua tatu tu. Akachota, akamwagia majani mpaka yakalowa chapachapa, kisha akanyunyizia maji safi kidogo kuua harufu. Nani angejua?

Jumatano asubuhi alikuta tuta lile limekatwa lote.

"Mama, saladi iko wapi?"

"Imeshafika shuleni kwenu. Mpishi ametaka kreti mbili. Mbona umesimama kama mwiko kwenye uji? Utachelewa!"

Chiriku alichukua mkoba wake, akatoka.

Darasani alikaa dirishani, macho jikoni. Alimwona mpishi akisuuza majani mabichi, akiyainua juani na kutabasamu.

"Leo saladi ya kwenu!" alinong'ona Shibe, jirani yake wa dawati. "Mimi sahani mbili. Vipi, Chiriku, umemeza ulimi?"

"Niache."

Alijaribu kujituliza: si mpishi ameyaosha? Lakini sauti ya mama ilimrudia: "Vijidudu vya kuhara havionekani. Kinachoonekana ni mgonjwa." Akisema, mama atamfanya nini? Na mpishi akiacha kununua kwao?

Kisha akawaona watoto wa darasa la kwanza wakipanga mstari, sahani mkononi. Wadogo walikula kwanza siku zote.

Chiriku alisimama.

"Mwalimu, naomba niende jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Kuna kosa langu."

Hakungoja jibu. Alikimbia, akampita mtoto wa kwanza mstarini, akaushika ukingo wa beseni la saladi kwa mikono miwili.

"Usiwape! Nimeimwagia maji ya pipa. Juu ya majani. Juzi."

Mpishi aliweka kisu chini. "Rudia. Polepole."

Alirudia, machozi yakimtiririka. Mpishi alilifunika beseni, akawapakulia watoto wali na maharage matupu, kisha akampigia simu mama yake Chiriku.

Mama alifika na udongo miguuni. Aliangalia beseni, akamwangalia bintiye. Chiriku alitamani ardhi immeze.

"Nani alikutuma?"

"Uvivu, mama."

Mama alivuta pumzi, akamgeukia mpishi. "Sina utetezi, dada. Ukitafuta mkulima mwingine, sitakulaumu."

"Nimtafute wa nini?" alisema mpishi. "Makosa ya huyo mwingine nani atakuja mbio kuniambia kabla sijapakua? Leteni spinachi kesho. Saladi tutaizungumza baadaye."

Shibe alikuwa akichungulia mlangoni. "Kwa hiyo umeninyima saladi yangu!"

"Nimekunyima kushinda chooni," alijibu Chiriku, akijifuta machozi.

Kreti zilirudi nyumbani, na saladi yote ikafukiwa kwenye shimo la mboji. Hakuna mtoto aliyeumwa. Mama alisimama kando ya pipa.

"Maji haya si adui," alisema. "Yamenenepesha mchicha uliokukuza. Lakini moto ukiwa mekoni unapika. Ukipanda paani, unateketeza nyumba. Sheria zangu si za kukuchosha, ni za kulinda matumbo ya watu. Umekosea, hilo sitalifunika. Ila umesema kabla ya sahani ya kwanza. Kosa likisemwa mapema hufukiwa shimoni pamoja na saladi. Likifichwa, linaweza kumfukia mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi chukua ndoo. Tuta jipya linangoja, na kisima hakijahama."