Khanga Kifuani mwa Baba

Kila jioni, akishatoka shule, Adoyo alibadilisha sare, akabeba chupa ya uji na kuongozana na bibi yake hadi hospitali alikolazwa baba. Baba yake, Otuoma, alikuwa kuli pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mtu wa kubeba tenga zima la sangara huku anaimba. Siku moja wimbi lilisukuma mtumbwi, ukambana kifua kwenye gati. Mbavu zilivunjika, damu ikajaa pembeni mwa pafu, na madaktari wakampitishia mpira ubavuni ili itoke.

Mpira ulipotolewa, muuguzi wa wodi, Sista Modesta, alimpa Otuoma kazi mpya: avute pumzi ndefu na akohoe.

"Najua inauma," alisema. "Lakini usipokohoa, makohozi yatabaki kwenye mapafu na utapata nimonia."

Otuoma alikohoa huku jasho linamtiririka. Adoyo alimwonea fahari. Hakujua kwamba kuvuta pumzi kunaweza kuwa kazi nzito kuliko kubeba samaki.

Bibi Ayoo, ambaye hajawahi kushindwa na mgonjwa wala na mbuzi mkaidi, hakuvumilia kumwona mwanawe akiteseka. Kwao Rorya, aliyevunjika mbavu hufungwa khanga kifuani, tena hukazwa barabara. Sista alipotoka, bibi akamfunga Otuoma khanga chini ya shati.

"Usimwambie mtu, mjukuu wangu," alisema. "Hii ndiyo dawa yetu."

Kesho yake baba alikuwa ametulia. Hakukohoa kabisa. Lakini alihema juu juu, na Adoyo alipomshika mkono aliukuta wa moto. Akisema, atamuudhi bibi aliyemlea. Akinyamaza, huenda akampoteza baba. Akatoka kumtafuta Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba amefungwa khanga kifuani. Bibi amemfunga kwa kumpenda, naomba usimgombeze."

Sista hakugombeza mtu. Alifungua fundo, akamwita daktari. Khanga ilikuwa imemzuia kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, na nimonia ilikuwa imeanza, kwa hiyo Otuoma alipewa dawa ya kuua vijidudu na nyingine ya kutuliza maumivu ili aweze kukohoa. Kisha Sista akaikunja khanga ileile ikawa kama mto mdogo.

"Mama, mkandamizie hapa kwenye mbavu wakati anakohoa tu," alimwambia bibi. "Akimaliza, mwachie apumue."

Bibi akashika. Mikono yake ilikuwa imara kuliko ya muuguzi yeyote, na safari hiyo Otuoma alikohoa kikohozi cha maana. Siku zilizofuata homa ikashuka.

Siku ya kuruhusiwa, bibi alimvuta Adoyo pembeni.

"Nilikuambia unyamaze, na hukunitii," alisema, macho yamemjaa machozi. "Ungenitii, leo ningekuwa namzika mwanangu. Sikia, Adoyo. Mtu mzima akikuambia ufiche jambo la mgonjwa, nenda kamwambie daktari. Hata kama mtu huyo ni mimi."