Doa kwenye Fremu ya Landrova

Kila jioni baada ya kutoka shuleni, Dorcus alikuwa na kazi mbili: kumfunga ndama na kuwapelekea ng'ombe chumvi. Kumfunga ndama kulikuwa rahisi. Chumvi ndiyo iliyomchosha, kwa sababu hori la kulambia lilikuwa chini kabisa karibu na kijito, na njia ya kwenda huko ilipita katikati ya michai iliyolowa, ikamlowesha sketi mpaka kiunoni.

Mwaka huu iliongezeka kazi ya tatu, na hii aliipenda. Baba yake, Weldon, alikuwa akiifufua Landrova kuukuu ya marehemu babu, ile iliyobeba majani chai ya nusu ya kijiji kabla Dorcus hajazaliwa. Bodi lake liliwekwa kando chini ya turubai. Fremu, yaani ule mfupa mrefu wa chuma unaobeba gari zima, ililazwa juu ya magogo nyuma ya zizi. Baba na binti waliikwangua kwa brashi ya waya na msasa, vumbi la kutu likiwapaka nyuso, mpaka chuma kikang'aa. Kisha wakaipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, waliyoinunua katika duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Wambugu, jirani yao wa ng'ambo ya ua.

Wiki chache baadaye, rangi ikavimba.

Ilivimba mahali pamoja tu, kwenye chuma kipana cha nyuma. Vilianza vipele vidogo, kama ngozi iliyomwagikiwa chai ya moto. Vipele vikapasuka, na maji mekundu ya kutu yakachuruzika.

"Hii rangi si rangi," Baba alisema, akikwaruza kipele kwa ukucha. "Wambugu ametuuzia maji."

"Pole pole, Baba Dorcus," Mama alimwonya. "Huyo ni mtu tumekaa naye miaka yote hii."

"Na miaka yote hii ameitamani hii gari. Si aliniomba nimuuzie nikakataa? Sasa unganisha mambo mwenyewe."

Mama hakuunganisha chochote, ila Dorcus aliunganisha. Alikumbuka kwamba siku hizi Mzee Wambugu husimama uani asubuhi, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni, akiitazama fremu bila neno. Zamani angemsalimu kwa lugha ya kina Dorcus, "Chamgei, mtoto wangu," na Dorcus angemjibu na kumwita Guka, yaani babu, kama alivyoitwa na mjukuu wake, Lynn. Sasa akionwa tu, hugeuka na kwenda zake. Mtu asiye na hatia anajificha nini?

Lynn alikuwa rafiki yake, nao walikaa dawati moja. Siku moja walipokuwa wakinawa mikono kwenye tangi la maji la shule, Lynn alimwomba sabuni. Dorcus akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kaombe kwa Guka wako. Yeye ni fundi wa kutia vitu maji."

"Unamaanisha nini?"

"Rangi aliyotuuzia ni maji matupu. Fremu yetu inaoza."

"Kumbe," akasema Vinny, mvulana asiyepitwa na maneno. "Ndiyo maana ukuta wa kwetu unabanduka. Lynn, hata uji mnaokunywa ni maji matupu?"

Wanafunzi wakacheka. Waliporudi darasani Lynn alichukua vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Ijumaa jioni Baba alitangaza uamuzi wake. "Kesho naenda kwa mzee wa mtaa. Nitayasema haya mbele ya watu, wasinunue tena kitu katika lile duka."

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, hata zizi halikuonekana vizuri. Dorcus alikwenda kumfungua ndama, akakuta kamba tupu. Kisha akasikia sauti nyuma ya zizi: kitu kikikwaruza chuma, kinatulia, kinakwaruza tena.

Ni yeye, Dorcus aliwaza. Amekuja kuharibu na mahali pengine.

Aliokota fimbo, akanyata akiegemea ukuta, akachungulia.

Alikuwa ndama. Amesimama kwenye chuma cha nyuma, shingo ameinyoosha, analamba vile vipele vilivyopasuka. Dorcus alimfukuza. Akazunguka, akarudi palepale. Fremu yote ilikuwa wazi mbele yake, lakini hakugusa kwingine. Alilamba kwa bidii, macho nusu yamefumba, sawasawa na anavyolamba horini.

Fimbo ikamponyoka Dorcus mkononi. Ndama hapendi rangi. Ndama anapenda chumvi.

Akaikumbuka jioni ile kabla ya kupaka rangi. Alikuwa amechoka kuteremka kijitoni. Aliutua mfuko wa chumvi juu ya chuma kile kitupu cha nyuma, akaingia ndani. Mama alipouliza kama ng'ombe wamepata chumvi, alijibu, "Wamelamba." Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi chumvi ilikuwa imeyeyuka ikalowesha chuma, naye akapangusa kwa pindo la sketi na kunyamaza. Mchana kulipokauka, wakapaka rangi juu yake.

Hakuna aliyejua isipokuwa ndama. Angenyamaza, jambo lote lingemwangukia Mzee Wambugu. Baba alikuwa amekwisha vaa koti, anafungua lango.

"Baba, usiende."

"Kwa nini?"

Alimweleza, akitazama viatu vyake. Mkono wa Baba ulibaki kwenye komeo.

"Twende," alisema mwishowe. "Lakini si kwa mzee wa mtaa."

Mzee Wambugu aliwasikiliza akiwa mlangoni, hakuwakaribisha viti. Dorcus alipomaliza, mzee alishusha pumzi.

"Niliiona rangi ikivimba kabla Lynn hajaniambia mnayosema," alisema. "Nami nilikushuku, Weldon. Nilidhani umepaka chuma chenye maji, na lawama utanitupia mimi. Ndiyo maana nilikuwa nachungulia."

"Ungeniuliza, Mzee."

"Nawe ungeniuliza."

Wakatazamana. Mzee Wambugu akaingia ndani, akatoka na brashi ya waya. "Haya. Hapo pakwanguliwe mpaka chuma kitupu, paoshwe kwa maji safi, yabadilishwe tena na tena, pakauke kabisa. Chumvi ikibaki, hata rangi ya namna gani itabanduka."

Walifanya kazi mpaka mchana. Baba alipompa Dorcus ndoo ya mwisho ya maji, alimwambia taratibu, "Ungeniambia asubuhi ile, ndoo kama hizi zingetosha. Kosa ukilikubali mapema, unalisafisha mwenyewe. Ukilifunika, linamla mtu ambaye hakulifanya. Nami nina langu, nililiamini jambo kabla ya kuliuliza. Yale maneno uliyasema wapi?"

"Kwenye tangi la shule."

"Jumatatu kayarudishe hapo hapo. Kwa sauti ile ile."

Jumatatu Dorcus alisimama kwenye tangi, akasema yote, chumvi na uongo na kunyamaza. Vinny alicheka, kisha akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Lynn alinawa mikono, akaondoka. Lakini kengele ilipolia na Dorcus akaingia darasani, alikuta vitabu vya Lynn vimerudi kwenye dawati lao.

Jioni hiyo aliubeba mfuko wa chumvi mpaka chini kijitoni, sketi ikalowa mpaka kiunoni.