Balbu Mpya na Madumu Ishirini

Kila asubuhi Kipimo alipima kitu. Alipima mlango, alipima meza, na siku moja alijaribu kupima mkia wa paka, lakini paka alikataa. Futi ya kushonea aliiazima kwa baba yake, fundi cherehani, na jina la Kipimo alibandikwa na majirani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kila alichopima alikiandika kwenye daftari.

Mama yake alikuwa dereva. Alfajiri, giza likiwa bado nene, alizunguka kwa wafugaji na pikapu, akakusanya maziwa na kuyapeleka kiwandani. Jumamosi moja alirudi nyumbani, akaketi, akaiacha chai ipoe mbele yake.

"Leo nusura nimgonge mtu wa baiskeli," alisema. "Nimemwona akiwa karibu kama hilo dirisha. Ni mara ya pili mwezi huu. Nadhani macho yangu yamechoka. Heri nimrudishie tajiri ufunguo wake kabla sijaua mtoto wa mtu."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Wote walijua mama alivyoipenda kazi ile.

Mchana akaja mjomba, kaka yake mama, fundi umeme wa magari. "Kabla ya kuyafukuza macho kazini, tuzihoji taa," alisema. Alileta jozi mbili za balbu mpya: moja ya mwanga wa manjano kidogo, nyingine ya mwanga wa buluu, ile wanayoipenda vijana. Zilinganishwe na zile kuukuu zilizokuwa ndani ya gari.

"Ya buluu itashinda," alisema Kipimo. "Inang'aa kama nyota."

"Nyota inang'aa, lakini umewahi kutafuta sindano kwa nyota?" aliuliza mjomba. "Pima kwanza. Mimi nasafiri, narudi Jumatatu. Dada, kubadilisha balbu unajua."

Akaandika masharti matatu kwenye daftari la Kipimo. Vioo vya taa visafishwe. Gari lisimame mahali tambarare. Madumu ishirini ya maziwa yajazwe maji na kupakiwa, maana gari hupimwa likiwa kama linavyokuwa kazini. "Kila ukitimiza moja, weka alama ya vema."

Kipimo alisugua vioo kwa sabuni mpaka vikameta. Uwanja tambarare ulikuwepo, ule wa shule. Yakabaki madumu. Siku hiyo bomba lilikuwa linadondosha maji kwa kinyongo. Alijaza dumu la kwanza, akajaza la pili, akashika kiuno. "Maji na taa vina undugu gani?" alijiuliza. Akayamwaga, akayarudisha madumu yote matupu kwenye gari. Kisha akaweka vema tatu.

Jioni, giza lilipoingia, baba alivaa koti jeusi la mteja na kuanza kutembea mbele ya gari, akiwapa mgongo. Mama alikaa kwenye usukani. Alipoacha kumwona alipaza sauti, baba akasimama, na Kipimo akapima umbali kwa kamba ndefu aliyoitia mafundo kila mita.

Kwa balbu kuukuu baba alipotea kwenye mita thelathini na moja. Kwa za buluu, hamsini na mbili. Kwa zile za manjano aliendelea kwenda tu.

"Bado mnaniona?" aliuliza kutoka gizani. "Nikiongeza hatua kidogo nitafika kwa mama mkwe, na sijabeba hata zawadi."

"Nakuona, songa," mama alijibu huku akicheka.

Alipotea kwenye mita hamsini na nane. Kipimo aliandika namba kama zilivyokuwa, ingawa ya buluu yake ilishindwa. Mama akaziacha za manjano ndani ya gari.

Jumatatu asubuhi mama alirudi kutoka kazini akiwa mnyonge kuliko Jumamosi.

"Balbu mpya, barabara ni ile ile nyeusi," alimwambia mjomba, aliyekuwa amefika mapema. "Siku mbili hizi nimetambaa kama kinyonga. Na madereva wanaokuja mbele wananimulika na kunitukana, sijui nimewakosea nini."

"Na kule uwanjani?"

"Uwanjani nilimwona shemeji yako mpaka mbali. Lakini jioni ile nilikuwa nimepumzika."

Mjomba akalifungua daftari, akasoma masharti yake matatu na vema zake tatu, akalifunga. "Basi kila kitu kilifuatwa. Sina la kuongeza, dada. Huenda ni macho kweli."

Mama akatoa ufunguo mfukoni na kuanza kuupangusa kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayesafisha chombo cha kuazima kabla ya kukirudisha. "Jioni nampelekea tajiri," alisema.

Kipimo alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule. Hakuna aliyejua. Angenyamaza, hakuna ambaye angemuuliza. Akautazama ule ufunguo ukipanguswa, akaliweka begi chini.

"Mjomba, vema ya tatu ni ya uongo," alisema. "Madumu yalikuwa matupu."

"Yote?"

"Mawili niliyajaza. Halafu nikayamwaga."

Nyuma ya cherehani baba alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mama hakucheka. "Nenda shule," alisema. "Ukirudi, bomba linakusubiri. Tajiri naye atasubiri."

Jioni ile Kipimo alijaza madumu ishirini, moja baada ya jingine, na mikono ikamuuma hadi mabegani. Mjomba alilielekeza gari kwenye ukuta wa nyumba na kuwasha taa. Gari likiwa tupu, mwanga uliishia kwenye mkanda wa baba, aliyesimama kando ya ukuta. Mjomba akapiga mstari hapo kwa chaki ya kushonea. Kisha wakaanza kupakia, madumu yote nyuma kabisa, kama mama alivyozoea ili ashushe haraka.

Kila dumu lilipoingia, springi zilizochoka zilibonyea, na pua ya gari ikainuka. Mwanga ukapanda kifuani kwa baba, ukafika kidevuni. Dumu la ishirini lilipowekwa ulikuwa juu ya paa.

"Mmeniacha," alisema baba. "Sasa mnamulika kunguru."

Mama alishika mlango wa gari akicheka mpaka machozi. "Kumbe mwezi mzima naangazia miti."

"Na macho ya madereva wenzako," alisema mjomba. "Ndiyo maana ya yale matusi."

Akasogeza madumu mbele, karibu na kiti cha dereva, kisha akashusha taa kwa bisibisi mpaka mwanga ukarudi kwenye mstari. Springi mpya tajiri atanunua, alisema. Wakaenda uwanjani na mzigo wao. Safari hii baba alipotea kwenye mita hamsini na saba, akiwa anapiga mluzi.

Mama alimvuta Kipimo karibu.

"Mwanangu, mimi nililiamini daftari lako kuliko macho yangu mwenyewe. Kwa alama moja ya uvivu ningeacha kazi ninayoiweza, au ningeendelea nayo na kumgonga mtu. Kazi ukiifanya nusu, sema ni nusu. Hakuna atakayekuchapa kwa nusu. Lakini nusu ukiiita nzima, kuna mtu ataikanyaga akidhani ni ngazi. Leo umesema kweli wakati ilikuwa rahisi kunyamaza, na kwa hilo nakushukuru."

"Nimekoma, mama."

"Vizuri." Mama akaurudisha ufunguo mfukoni. "Sasa shusha hayo madumu uyamimine kwenye ndoo za majirani. Yote ishirini. Alfajiri nayataka kwa maziwa."