Pigo Moja Kwenye Bodi

Haya Mwandawiro, rafiki yangu, aliyasimulia mara moja tu. Mwaka wa hamsini na tano alikwenda gereji moja ya Voi, peke yake, kukagua lori lake. Mwezi uliotangulia liligonga mwamba kwenye mteremko wa Werugha, na utingo wake, Makau, akafia nyuma. Kabla ya kona Makau alikuwa amegonga bodi ya lori mara moja. Mara mbili ni twende, mara moja ni simama. Mwandawiro alisikia, akapuuza, na hakumwambia mtu.

Sasa alilizunguka lori akigonga kila bati jipya kwa kidole na kusikiliza.

"Unagonga kama daktari, bwana dereva!" fundi Nzioka alimtania kutoka langoni. "Kesho utabeba akina mama wa soko. Hebu litoe nje."

Mwandawiro akapanda, akawasha injini. Lori liliposogea tu, bodi iligongwa nyuma ya kichwa chake. Mara moja.

Akakanyaga breki, akageuka kutazama kupitia kidirisha. Nyuma hakukuwa na mtu.

"Na huyo utingo wako," Nzioka akapaza sauti, "mwambie asiegemee hapo. Rangi haijakauka."