Gunia la Chumvi ya Lutu

Kaa hapa, weka simu kando, usikie kilichompata beshte yangu Kerubo, anayefanya masaji kwa hoteli moja ya West Bay, huko Uarabuni.

Saa nane mchana alitumwa pakingi ya chini achukue gunia la chumvi ya kusugulia wateja. Haji, dereva wa hoteli, mtu wa Zanzibar, alikataa hata kuligusa.

"Dada, hii imetoka Bahari ya Chumvi, kwa watu wa Nabii Lutu. Mkewe aligeuka nyuma, akaangamia."

"Ai, Haji! Watalii wanaelea huko wakisoma gazeti. Kwani mimi ni mke wa Lutu?"

Akalibeba peke yake. Katikati ya korido stima zikapotea, giza totoro. Nyuma yake maji yakaanza kudondoka, to, to, yakisogea karibu. Akashuku ni Haji anamchezea. Kisha akasikia sauti ya mamake.

"Kerubo! Geuka nikuone."

Mamake yuko nyumbani Kisii. Kerubo akaweka gunia chini, akampigia simu.

"Mama, uko wapi?"

"Niko shambani."

Ile sauti ikaita tena, karibu na shingo yake. Mama akauliza polepole, "Kerubo, ni nani huyo anakuita na sauti yangu?"

Ungekuwa wewe, ungegeuka?