Sanduku Lililorudi Safi

Mwalimu alitokwa na damu puani mbele ya wanafunzi mia nne, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Ilikuwa Siku ya Fizikia chuoni, siku ambayo shule kumi na moja huletwa kwa mabasi kuja kushika kwa mikono yale wanayoyaona ubaoni tu mwaka mzima. Ukumbi ulifurika. Huku wasichana wanapiga kelele nywele zikiwasimama kwa umeme wa maputo, kule wengine wanagombania baiskeli inayowasha taa, na mwisho wa ukumbi, kutoka darini, lilining'inia tufe la chuma kwenye waya mrefu. Mchezo wa tufe ni rahisi. Unaegemea ukuta, unalivuta tufe mpaka liguse pua yako, unaliachia. Linakwenda, linarudi, linasimama kidogo mbele ya uso wako na kuondoka tena, kwa sababu haliwezi kupanda juu kuliko lilipoanzia. Sharti ni moja tu: unaliachia, hulisukumi.

Mwalimu wa fizikia, kijana wa miaka thelathini na mmoja aliyevalia shati la samawati lililonyooshwa kwa pasi na tai fupi kidogo, alikuwa amewaimbia wanafunzi wake sharti hilo muhula mzima. Lakini siku hiyo walikuwa wakimshangilia, kichwa kikamvimba, naye alipoliachia tufe akalipa msukumo kidogo ili liende kwa mbwembwe. Likaenda kwa mbwembwe. Likarudi kwa mbwembwe vilevile.

"Inama mbele! Usiinue kichwa, inama!"

Aliyesema hivyo alikuwa fundi wa maabara, dada mmoja mwenye koti jeupe lenye madoa ya mafuta, bisibisi tatu mfukoni na kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Alimkalisha kwenye sanduku la mbao, akambana pua kwa vidole viwili bila hata kuomba ruhusa.

"Nililiachia tu," mwalimu alilalamika kwa sauti ya mafua.

"Ulilisukuma."

"Kidogo."

"Hicho kidogo ndicho kilichokupiga. Pumua kwa mdomo, na usiongee."

"Sasa nikitaka kukuuliza jina?"

"Nimesema usiongee!"

Lakini alicheka, na alipocheka vidole vililegea, tone la damu likadondokea kwenye kiatu cha fundi. Mwalimu akaomba radhi mara nne. Wanafunzi, ambao kwa mambo haya wana macho makali kuliko watu wazima, walikuwa tayari wanabinyana.

Lile sanduku alilokalia lilikuwa mojawapo ya masanduku thelathini ambayo fundi aliyatengeneza mwenyewe kwa miaka sita. Ndani ya kila moja mlikuwa na majaribio ya darasa zima: ya mwanga, ya umeme, ya sumaku, ya springi na mizani. Shule iliazima sanduku kwa wiki tatu, ikajaza fomu, ikarudisha. Mengi yalirudi yamechubuka, balbu zimeungua, lenzi zina alama za vidole vyenye wino, na fundi aliyapenda hivyo hivyo. Mchubuko ulimwambia kwamba kuna mtoto mahali fulani aliyekishika kitu kile akakigeuza juu chini.

"Naweza kuazima hili?" mwalimu aliuliza, pua imezibwa kwa pamba.

"Sanduku hilo? Jaza fomu. Lirudi baada ya wiki tatu."

"Na nikikwama?"

Fundi alimtazama, akaandika namba yake ya simu nyuma ya fomu. Wengine walipewa namba ya ofisi, lakini hilo tuliache.

Mwalimu alikwama jioni ileile.

"Fundi, balbu haziwaki hata moja."

"Habari za jioni kwako pia."

"Shikamoo," alitania.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeziunga kwa mfuatano au sambamba?"

"Mfuatano."

"Basi moja imekatika, inazizima nyingine zote. Zijaribu mojamoja, hiyo uitoe."

Kukasikika balbu zikigongana. Kisha, "Zimewaka! Fundi, unajua kwamba wewe ni mtu wa ajabu?"

"Balbu ndiyo imekuwa ya ajabu. Lala salama, Bwana Pua."

Ikawa kila jioni kuna jambo limekwama. Springi imegoma, kioo kimepotoka, sumaku zinakataana. Baada ya wiki mbili hapakuwa na kilichokwama tena ila simu zilizidi. Mwalimu alipokuja kurudisha sanduku la kwanza alivaa shati jipya, fundi akavua koti la maabara kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kumfahamu, na chini yake kulikuwa na gauni la kijani lililoshonwa na shangazi yake. Walikunywa chai kwenye mgahawa wa chuo mpaka wahudumu wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Sanduku liliwekwa rafuni bila kufunguliwa. La pili nalo likawekwa bila kufunguliwa. Watu wawili wanaotazamana hivyo hawakagui balbu.

"Huyo mwenye pua hajapiga leo?" shangazi, aliyeishi naye, alikuwa akimuuliza mezani, cherehani ikiwa imenyamaza makusudi.

"Atapiga."

"Basi kula upesi, maana akipiga chakula kinapoa."

Fundi alikuwa na furaha, na ni vizuri tuseme hivyo wazi, kwa sababu kilichofuata alijiletea mwenyewe.

Mwisho wa muhula mkuu wa kitivo, profesa mmoja mkavu lakini mtu wa haki, alimwita. Chuo kilikosa nafasi. Ukumbi wa Siku ya Fizikia na stoo ya masanduku vingegawanywa kuwa ofisi, isipokuwa fundi aonyeshe kwamba shule zinayatumia masanduku kweli. "Nataka ripoti ya kila shule," alisema. "Kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Na usinipambie."

Fundi akafungua masanduku yote yaliyorudi, moja baada ya jingine. La shule ya wasichana: balbu kumi zimeungua, vizuri sana. La shule ya bweni: lenzi ina ufa. Akafika kwenye mawili ya mwalimu, akayafungua huku anatabasamu.

Tabasamu likayeyuka. Balbu zote ziling'aa. Nyaya zilikunjwa vizuri, zimefungwa kwa uzi. Hakuna springi iliyolegea, hakuna kioo chenye alama hata ya kidole kimoja. Kwenye fomu, penye mstari wa mwisho unaouliza Kilichoharibika, mwalimu aliandika: Hakuna. Fomu zote mbili.

Alikaa chini. Simu zile zote zilikuwa za jioni, mwalimu akiwa nyumbani kwake. Hakuwahi kusikia sauti ya mtoto hata mmoja. Kumbe masanduku yalikuwa yanakaa chumbani kwa mtu, yanamsubiri apate sababu ya kupiga simu. Miaka sita ya kazi yake imegeuzwa kisingizio.

Alimpigia, na hakumwita Bwana Pua.

"Yale masanduku mawili uliyorudisha. Ulirudisha hivihivi?"

"Yako kama nilivyoyakuta, Fundi," mwalimu alijibu kwa majivuno. "Hakuna hata kimoja kilichoharibika. Umeona?"

"Nimeona."

"Mbona sauti hiyo, mpenzi?"

"Nina kazi."

Kwenye ripoti, mbele ya jina la shule ile, akaandika: Haikutumia. Aliambiwa asipambe. Siku mbili baadaye shule ikapata barua kwamba imeondolewa kwenye orodha ya Siku ya Fizikia ijayo. Simu ikaita kabla shangazi hajamaliza kumsoma fundi usoni.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Kwamba niliazima masanduku nikayaweka uvunguni?"

"Sijui uliyaweka wapi. Najua sanduku lililofika kwa watoto linavyofanana."

"Kama unaweza kuamini kwamba nimewanyima watoto wangu ili nipate kuongea na wewe," mwalimu alisema, "basi sina la kukueleza." Akakata.

Shangazi alichomoa pini mdomoni. "Ulimuuliza kama watoto waliyashika?"

"Nilimuuliza yalivyorudi, akasema yako kama alivyoyakuta!"

"Sikukuuliza hivyo mimi," shangazi alisema, akaendelea kushona.

Swali hilo lilimkaa fundi rohoni usiku kucha. Shule ile ilikuwa bado na sanduku la tatu. Kwa kawaida angemtuma dereva kulichukua. Alhamisi mchana, siku moja kabla ya kikao cha mkuu wa kitivo cha kuamua hatima ya ukumbi, alikwenda mwenyewe.

Maabara ya shule ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya nyavu na meza ndefu nne. Fundi alisimama mlangoni. Wanafunzi wanane walikuwa wamezunguka beseni, kila mmoja na mswaki mkononi, wanasugua sumaku. Meza zilikuwa na alama nyeusi za nyaya zilizowahi kupata moto. Kutoka kwenye boriti ilining'inia chupa iliyojaa mchanga, imefungwa kamba, na ukutani mbele yake palichorwa kwa chaki pua kubwa yenye maneno chini yake: USISUKUME.

"Shikamoo, madam," alisema msichana mmoja mrefu mwenye beji ya ukiranja.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Ni zamu yetu ya kuosha sanduku. Unga wa chuma unaingia kila mahali, hautoki bila mswaki. Mwalimu anasema likirudi chafu, chuo hakitatupa tena." Kiranja akasita. "Na barua tumepata. Lakini tulisema tulioshe tu, labda watatuonea huruma."

Fundi alishika ukingo wa meza. "Na yale mawili ya mwanzo, mliyatumia?"

Wote wanane walicheka kwa pamoja. Kiranja alitoa kopo la maziwa ya unga nyuma ya kabati, akalimimina mezani. Zikatoka balbu zilizoungua, arobaini kwa haraka haraka, lenzi mbili vipandevipande, vibanio visivyobana, na springi moja iliyonyooka kabisa ikawa waya.

"Kila kinachokufa tunakitia humu. Mwalimu anazunguka maduka ya vifaa vya umeme mpaka apate kinachofanana. Lenzi ilimchukua Jumamosi mbili."

Mwalimu aliingia hapo, rula mkononi, vumbi la chaki kwenye nywele. Alimwona fundi, akaliona kopo, akawa kama mtoto aliyekamatwa.

"Watoto, nendeni mkapumzike," alisema.

"Tumetoka kupumzika, mwalimu."

"Nendeni mkapumzike tena."

Walitoka, wakajipanga nje chini ya dirisha.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi aliuliza.

"Uliniuliza vilirudi vipi. Nikakwambia viko kama nilivyovikuta. Kwani uongo? Nilihangaika wiki nzima viwe hivyo!"

"Na pale ulipoandika Hakuna?"

Mwalimu akatazama chini. "Hapo nilidanganya. Tulipokuwa shule, mwenzetu mmoja alivunja kipimajoto. Mwalimu wetu akafunga kabati, na hatukugusa kitu tena miaka minne. Nilisoma fizikia nzima kwa kutazama kupitia kioo cha kabati lile. Nikaapa wangu hawatafungiwa." Akaigusa ile springi. "Na nilitaka unione mtu mwangalifu."

"Mimi nilitaka mtu wa kuharibu," fundi alisema, na machozi yakamtoka hapohapo, akicheka. "Miaka sita naweka vitu kwenye masanduku ili viharibiwe! Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza swali moja tu, nikakuandikia ripoti."

"Nami nilipaswa kukujibu, nikakukatia simu."

"Lakini simu zako zote zilikuwa za jioni..."

"Nilikuwa najaribu kwanza nyumbani, nisiaibike kesho yake mbele yao. Baada ya ile pua, ningethubutu?"

Kutoka chini ya dirisha kulisikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Fundi alitoa fomu mpya. "Andika vyote, kimoja kimoja." Iliwachukua saa nzima. Kesho yake alilimimina kopo juu ya meza ya mkuu wa kitivo, akaweka fomu kando na kukiri kosa la ripoti yake ya kwanza. Profesa aliokota springi, akaizungusha vidoleni.

"Hii waliifanyaje?"

"Walitaka kujua mwisho wake, Profesa."

"Hata mimi nilitaka, nikiwa na umri wao." Akaiweka mfukoni. Shule ikarudishwa kwenye orodha, na ofisi zikatafutiwa nafasi kwingine.

Siku ya Fizikia iliyofuata, mwalimu alisimama tena ukutani, tufe likigusa pua. Ukumbi mzima ulimpigia kelele asukume. Akaliachia. Likaenda, likarudi, likasimama mbele ya macho yake, likaondoka. Hakupepesa.

"Sasa njoo hapa," fundi alisema. Koti alilivua mapema; lile gauni la kijani sasa lilionekana lote. Alimpa fomu iliyojazwa kwa mwandiko wake.

Mwazimaji: Fundi wa maabara. Kifaa: Mwalimu, mmoja. Hali: Pua ina kovu dogo. Tarehe ya kurudisha ilikuwa imekatwa kwa mstari mnene. Mstari wa mwisho ulikuwa mtupu.

Mwalimu alisoma mara mbili. Masikio yalimpata moto. "Wamekubali nyumbani kwenu?"

"Shangazi ameshapima kitambaa. Wewe unakubali?"

Wanafunzi wa shule yake walikuwa wamenyamaza kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea darasani. Mwalimu akaazima kalamu ya kiranja, akaiweka fomu juu ya sanduku lilelile alilokalia mwaka uliopita akivuja damu. Penye Kilichoharibika aliandika neno moja, Nitakuambia, akatia saini.