Mashine ya Kusaga Yaja Kalerwe

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, msichana Akidi alitwanga muhogo mkavu. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali, na mwaka ule wa 1975 petroli ya magari ya kufika huko ilikuwa adimu, hivyo wanawake wengi wa Kalerwe walikuwa na malengelenge viganjani kwa kutwanga.

Basi aliposikia kwamba Bwana Mushagalusa, Mkongo mwenye mashine ya kusaga, anatafuta mahali pa kuiweka, Akidi alifurahi kupita kiasi.

"Baba, mtembeze sokoni wewe mwenyewe, tena uvae sare. Aone kwamba sisi si watu wa hivi hivi!"

Baba yake, Sajini Opoka wa polisi, alicheka, akapiga buti zake rangi.

Walipoingia sokoni, Akidi, baba yake na mgeni, loo! Magunia yalisukumwa chini ya meza na mafungu yakafunikwa haraka. Mama Séraphine, muuza muhogo, alikunja mikono.

"Muhogo hapana iko, afande. Imekwisha kabisa."

Siku zile baadhi ya wenye sare walichukua vitu sokoni bila kulipa. Opoka hakuwa mmoja wao, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mgeni alitikisa kichwa. "Sajini, soko ni tupu. Mashine yangu itasaga nini, upepo? Ninaipeleka soko la Bugolobi."

Akidi akinyamaza, mashine inakwenda. Akisema, atamwaibisha baba mbele ya watu. Akajipa moyo.

"Muhogo upo, bwana. Wameuficha. Baba, wanaogopa hiyo sare. Ni mimi niliyekuambia uivae. Nisamehe."

Opoka alimtazama binti yake, kisha akavua kofia. "Mama Séraphine, mtoto anasema kweli?"

"Kweli, afande," alijibu muuza muhogo kwa sauti ndogo.

"Basi mimi ninarudi nyumbani. Mwonyesheni mgeni kila kitu. Nikija tena nitavaa shati, na nitanunua kwa pesa kama mtu mwingine."

Hata hajafika barabarani, magunia yalianza kutoka. Akidi alimwongoza mgeni meza hadi meza. Mushagalusa alivunja kipande cha muhogo, akatabasamu.

"Hapa iko kazi!"

Mwezi uliofuata mashine ilinguruma Kalerwe. Muuza chai na mshona magunia nao wakaja kufungua vibanda kando yake. Opoka, akiwa amevaa shati katika foleni ya kusaga, alimwambia Akidi:

"Nilidhani sare ndiyo itakayomleta mfanyabiashara. Kumbe biashara hukaa pale watu wanapoonyesha mali yao bila hofu. Mwanangu, sema kweli daima, hata kama anayeaibika ni baba yako."